Unasafiri Nje? Hakikisha Kadi Yako Ina Chipu na PIN Unayoijua

Tuseme umetua Heathrow, London, saa tatu usiku. Umeenda kwa mahafali ya binti yako. Pesa ziko kwenye simu, na umeziangalia mara tatu kabla ya ndege kuondoka Nairobi. Unapanda basi na kumwonyesha dereva noti ya pauni kumi, naye anatikisa kichwa. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu tangu Julai 2014. Hapo hakuna namba ya till wala paybill. Unachotakiwa kuwa nacho ni kadi, na kadi uliyo nayo ni ile ya ndani ya programu ya simu: namba kumi na sita kwenye kioo, ambazo huwezi kuzichomeka wala kuzigusisha popote.

Kadi hiyo ya mtandaoni si mbaya. Kwa kulipia tiketi ya ndege, ada ya visa au chumba cha hoteli ukiwa bado nyumbani, inafanya kazi vizuri sana. Lakini ukishafika, kuna mambo ambayo haiwezi. Hata hoteli nyingine, ukifika mapokezi, huomba kuona kadi yenyewe uliyolipia. Kwa hiyo kabla ya safari tafuta kadi ya plastiki, yenye chipu.

Chipu ni kile kidude cha rangi ya dhahabu au fedha upande wa mbele wa kadi. Ule ukanda mweusi wa nyuma umebeba taarifa zilezile mwaka mzima, na mwizi akizinakili mara moja anaweza kutengeneza kadi nyingine kama yako. Chipu ni kompyuta ndogo. Kila ukiichomeka kwenye mashine inatengeneza msimbo mpya wa malipo hayo peke yake, na ukinakiliwa haumsaidii mtu. Utaratibu huu unaitwa EMV, herufi za mwanzo za Europay, Mastercard na Visa. Kadi ya zamani yenye ukanda peke yake usihangaike kuibeba. Omba benki ikubadilishie.

PIN ya kadi si PIN ya simu

Hapa ndipo watumiaji wa pesa za simu hukwama zaidi. Tumezoea PIN moja, ile ya kutuma na kutoa. Benki ikitupa kadi tunaitia kwenye droo, bahasha ya PIN inapotea, na maisha yanaendelea kwa sababu kila kitu kiko kwenye simu. Sasa siku ya safari unaichukua hiyo kadi ukidhani itakubali PIN ya simu. Haitakubali. Ni PIN mbili tofauti, na kwa kawaida ukikosea ya kadi mara tatu inafungwa. Kuifungua ukiwa nje ya nchi ni kazi.

Ulaya utakutana na mashine nyingi zisizo na mhudumu: za tiketi za treni, za kuegesha gari, za petroli usiku. Mashine haina mtu wa kumwonyesha kitambulisho wala wa kukupa risiti utie sahihi. Inataka chipu na PIN, basi.

Angalia pia kama kadi yako ina alama ya mawimbi manne. Hiyo inamaanisha unaweza kuigusisha tu bila kuichomeka, na kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi za London ndiyo njia rahisi. Kwenye treni, gusisha kadi ileile ukiingia na ukitoka. Na mkiwa wawili, kadi moja haitoshi. Kila msafiri anatakiwa awe na yake. Lakini usitegemee kugusisha peke yake. Kiasi kikiwa kikubwa, au ukishagusisha mara kadhaa, mashine inaweza kukuomba uchomeke na uweke PIN.

Ni ya benki, ya mkopo, au ya kujaza?

Wateja wengi hupendelea kadi ya malipo ya kabla, ile unayojaza pesa kwanza ndipo utumie. Baadhi ya benki hapa Kenya hutoa zenye mifuko ya sarafu kadhaa, yaani unaweka pauni, dola au euro kabla ya kuondoka na unajua ulinunua kwa bei gani. Ikiibiwa, mwizi hafikii akaunti yako kuu. Nyingine unaweza kuzijaza kwa paybill, hata mtu wa nyumbani akufanyie.

Shida yake inaonekana hotelini. Ukifika, mapokezi hushikilia kiasi fulani kama dhamana. Hazijakatwa, lakini huwezi kuzitumia. Tuseme umejaza pauni 600, na hoteli inashikilia 200. Umebaki na 400 za chakula, nauli na zawadi, na zile 200 zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi hata baada ya wewe kuondoka. Kadi ya kawaida ya akaunti ya benki ina tatizo lilelile, kwa sababu pesa zinazoshikiliwa ni zako. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kiwango cha mkopo, si pesa zako za matumizi. Wanaokodisha magari nao, wengi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva.

Mimi ningebeba mbili: ya mkopo kwa dhamana kama ninayo, na ya kujaza kwa matumizi ya kila siku. Kama huna ya mkopo, iandikie hoteli mapema uulize wanashikilia kiasi gani, kisha ujaze na hicho juu yake.

Anayeenda Guangzhou kuleta mzigo ana hesabu nyingine. Maduka mengi madogo ya China hayachukui Visa wala Mastercard moja kwa moja. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat kabla ya kusafiri, ukiwa bado na laini yako na mtandao mzuri.

Shilingi au pauni?

Wakati wa kulipa, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi ya Kenya au kwa pauni. Shilingi inavutia kwa sababu tunaielewa. Chagua pauni. Ukichagua shilingi, upande wa mwenye duka ndio unaopanga bei ya kubadilisha, na huwa wanaongeza chao. Tuseme benki yako ingekuhesabia pauni kwa shilingi 170, na mashine inakuhesabia 180: kwa ununuzi wa pauni 100 umepoteza shilingi 1,000 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Swali hilohilo hutokea kwenye ATM, na jibu ni lilelile. Kwenye ATM toa mara chache kiasi cha kutosha, maana benki yako inaweza kukata ada na mwenye mashine naye akate yake.

Wiki moja kabla ya safari, nenda supamaketi ulipie mkate kwa kuchomeka kadi na kuweka PIN, si kuigusisha. Ikikataa hapa, bado una muda. Iambie benki unaenda nchi gani na siku zipi, kwani kadi nyingine hufungiwa matumizi ya nje mpaka uombe. Washa huduma ya laini yako kufanya kazi nje, kwa sababu malipo ya mtandaoni mara nyingi huhitaji msimbo wa SMS, na SMS ikikosa kufika malipo hayapiti.

Namba za bure zinazoanza na 0800 mara nyingi hazipatikani ukiwa nje. Uliza benki ile inayoanza na +254, iandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae pochi moja na kadi.