Mukombero si tangawizi: tuuandikeje?

Katika vituo vya matatu vya Kitale na Bungoma, mteja humwambia mchuuzi, "Nipee mukombero ya mbao," naye hupewa mzizi wake bila swali. Mwanafunzi akiandika hivyo katika insha, kalamu nyekundu humsubiri. Je, kosa ni neno lenyewe au ni upatanisho wa kisarufi?

Mukombero, ambao wanasayansi huuita Mondia whytei, ni mmea unaotambaa na kupanda miti katika misitu kama ule wa Kakamega. Waluo huuita ogombo, Waganda mulondo. Mzizi wake hutafunwa. Una ladha tamu yenye ukali kidogo na harufu inayokaribia vanila. Wengi huamini kwamba huongeza hamu ya kula na nguvu za kiume.

Jina lake la Kiingereza huuhusisha na tangawizi. Mfasiri akilifuata atampotosha msomaji: tangawizi ni ya ukoo mwingine kabisa, na tunachokitumia si mzizi bali shina linalokua chini ya ardhi. Kuuita "kiazi" nako hakufai, kwani tukisikia kiazi tunawaza kitu cha kupikwa.

Basi neno la wenyeji na libaki. Kiswahili kimezoea kukopa kwa jirani. Hata neno "ngeli" tulilitoa kwa Wahaya. Linalohitajika ni kulivika vazi la Kiswahili. Wabukusu husema kumukhono na kimikhono, sisi tukasema mkono na mikono. Kwa mkondo huohuo, tuandike mkombero na mikombero, ngeli ya U-I: mkombero huu, mikombero miwili, mkombero wa shilingi 20. Pale kituoni, "mukombero ya mbao" haina neno; hiyo ni lugha ya mazungumzo.

Suala hili si la walimu pekee. Biashara ya mkombero ni ya mzizi, na anayechimba mzizi mara nyingi huung'oa mmea mzima. Mikombero ya msituni haiwezi kustahimili uchimbaji usio na upanzi. Afisa wa kilimo anayetaka kuwahimiza wakulima wa Trans Nzoia waipande mashambani mwao ataandika nini kwenye bango? Akiandika "tangawizi", watapanda tangawizi.