Gharama ya Kukataa: Uwezo wa Mwanamke wa Kuamua na Nguvu za Kiti cha Enzi katika Tamthilia za Kihistoria za Mapenzi za Korea

Tamthilia za televisheni za Korea Kusini zinazosimulia mapenzi ya kasrini, hususani zile za enzi ya Joseon (1392–1910), zina mgogoro uliokwishakuwamo katika mandhari yenyewe kabla mtunzi hajaandika neno. Mapenzi, kama yanavyoeleweka na hadhira ya leo, yanadai ridhaa ya pande mbili. Kasri la Joseon halikuwa na mahali pa kuiweka ridhaa ya mwanamke. Mfalme alipomtaka mtumishi wake, ombi lilikuwa amri, hata likitamkwa kwa sauti ya chini na kwa macho yenye machozi. Makala haya yanaeleza namna tamthilia hizo zinavyoushughulikia mgogoro huo. Hoja inayoyaongoza ni kwamba uwezo wa mhusika wa kike wa kuamua na kutenda hudhihirika vizuri zaidi pale anapokataa, na kwamba swali la msingi kwa mhakiki ni hili: mwanamke anapokataa, ni nani anayeilipa gharama?

Swali hili linatofautiana na kipimo kilichozoeleka. Uhakiki mwingi wa usawiri wa mwanamke huridhika kuhesabu matendo ya ujasiri: mhusika anashika upanga, anajibizana na wakubwa, anajua kusoma. Kwa kipimo hicho, tamthilia za mwanamke anayejigeuza mwanamume zingeshika nafasi ya kwanza. Katika Sungkyunkwan Scandal (KBS2, 2010) msichana anaingia katika chuo cha kitaifa cha wasomi kwa vazi la mwanamume. Katika Moonlight Drawn by Clouds (KBS2, 2016) anakuwa towashi. Katika The King's Affection (KBS2, 2021) anakuwa mrithi wa kiti cha enzi. Zote zinapendeza. Hata hivyo, wahusika hao wanapata nafasi ya kutenda kwa sharti la kutotambulika kuwa ni wanawake, na hofu inayoisukuma hadithi mbele ni hofu ya kufichuliwa. Naila Kabeer, katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu kupima uwezeshwaji wa wanawake, alisisitiza kwamba uchaguzi hauna maana pasipo uwezekano wa kuchagua vinginevyo. Vazi la kiume linamwongezea mhusika mmoja uwezekano huo. Mfumo wenyewe unabaki ulivyokuwa.

Tamthilia inayostahili kuchunguzwa kwa kina zaidi ni The Red Sleeve, iliyorushwa na MBC kuanzia Novemba 2021 hadi Januari 2022 kwa vipindi 17, ikitokana na riwaya ya Kang Mi-kang. Jina lake linarejelea ncha nyekundu ya mkono wa vazi la gungnyeo, yaani wanawake watumishi wa kasri. Wanawake hao waliingizwa kasrini wakiwa wadogo, wakafunzwa kushona, kupika, kuandika na kunyamaza, na waliobahatika walipanda hadi cheo cha sanggung, daraja la juu kwa mtumishi asiye mke wa mfalme. Hawakuruhusiwa kuolewa. Walihesabiwa kuwa wanawake wa mfalme, hata yule ambaye mfalme hakuwahi kumtupia jicho maisha yake yote, na uhusiano na mwanamume mwingine ulikuwa kosa la kifo.

Hapa istilahi inahitaji tahadhari. Neno la Kiswahili linalokaribia zaidi hali ya gungnyeo aliyepandishwa na mfalme ni suria, lakini neno hilo limebeba historia ya pwani na Uarabuni, ambako mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi; Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa na mama wa namna hiyo. Katika Joseon, nje ya ukoo wa kifalme, wana wa masuria walizuiwa kufanya mitihani ya utumishi wa serikali, kwa mujibu wa mkusanyo wa sheria wa Gyeongguk Daejeon wa mwaka 1485. Ndani ya kasri mambo yalikuwa tofauti: Mfalme Yeongjo mwenyewe alizaliwa na mwanamke wa hali duni. Kwa hiyo kupanda cheo hakukuwa fedheha wala heshima tupu. Mwanamke aliyekataa alikuwa akikataa pia uwezekano wa kuwa mama wa mfalme, na ndiyo maana kukataa kwake kulionekana kuwa jambo lisiloelezeka.

Mhusika mkuu wa The Red Sleeve, Seong Deok-im, ana asili katika historia. Alikuwa mtumishi wa kasri ambaye baadaye alipewa cheo cha bin, cha juu kabisa miongoni mwa masuria wa kifalme, na anajulikana kama Uibin Seong. Mwaka 1766, Yi San, ambaye angetawala kama Mfalme Jeongjo kuanzia 1776 hadi 1800, alimtaka. Alilia na kukataa, akisema kwamba mke halali wa mrithi bado hajapata mtoto. Yi San hakumlazimisha. Miaka 15 baadaye, akiwa sasa mfalme, alimtaka tena, naye akakataa tena. Safari hii mfalme aliwaadhibu watumishi wa mwanamke huyo, na hapo ndipo alipokubali.

Habari hizi zinajulikana kwa sababu mfalme aliziandika mwenyewe, katika maandishi ya kaburi aliyoyatunga baada ya Uibin kufariki mwaka 1786. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Ushahidi wa pekee wa kukataa kwake umetoka katika kalamu ya mwanamume aliyekataliwa, na katika maandishi hayo kukataa kunageuzwa kuwa sifa ya adabu: mwanamke mwema aliyejua mahali pake. Huenda sababu aliyoitoa ndiyo iliyokuwa moyoni mwake. Huenda pia ilikuwa ndiyo sababu pekee ambayo mtumishi angeweza kuitamka mbele ya mrithi wa kiti cha enzi akabaki salama. Maandishi hayawezi kuamua. Wala hayawataji kwa majina watumishi walioadhibiwa. Wao, walio chini kabisa katika ngazi hiyo, ndio walioilipa gharama ya uamuzi wa bibi yao.

Tamthilia inaingilia kati mahali hapo hapo. Inamrudishia Deok-im mtazamo wa hadithi, na inafanya hivyo kwa kushika uzi mmoja wa kihistoria: mwaka 1773 Uibin alishiriki pamoja na dada za Yi San na watumishi wengine kunakili riwaya ndefu ya Gwakjangyangmunnok kwa mwandiko wa Kikorea. Deok-im wa tamthilia ni msomaji na msimulizi wa riwaya, anayependa kazi yake na marafiki zake, na anayetamani maisha madogo anayoweza kuyaita yake. Anapomkataa mfalme hataji wajibu kwa malkia pekee. Anaona kwamba akiwa mke wa mfalme, kila kidogo alichonacho kitageuka kuwa fadhila ya mtu mwingine. Gharama nayo inahamishwa: sehemu kubwa inamwangukia Deok-im mwenyewe, anapoondolewa kasrini kwa muda. Uamuzi huu wa kisanaa unamfanya Yi San apendeke, jambo ambalo utanzu wa mapenzi unalihitaji, lakini unafuta ukweli mgumu zaidi wa kumbukumbu ya kihistoria. Mfalme anayemwadhibu mpenzi wake hadhira inaweza kumsamehe. Ni vigumu zaidi kumsamehe anayewaumiza wanyonge ili apendwe.

Ulinganisho na Dae Jang Geum (MBC, 2003–2004) unasaidia kuona ukubwa wa hatua iliyopigwa. Jang-geum, mpishi na baadaye tabibu wa kasri, anapendwa na Mfalme Jungjong, naye mfalme anaacha kumfanya suria, kisha anamwondoa kasrini ili aungane na mwanamume anayempenda. Hakuna katika vipindi 54 vya tamthilia hiyo anayetilia shaka kipawa cha Jang-geum isipokuwa maadui zake. Hata hivyo, katika suala la mwili wake na ndoa yake, uhuru wake ni zawadi. Jungjong angekuwa mtu wa hasira, hadithi ingemalizika vinginevyo, na ujuzi wote wa tiba usingemfaa.

The Red Sleeve haimwachii mfalme nafasi ya kutoa zawadi ya namna hiyo. Baada ya Deok-im kukubali, mapenzi yanakuja kweli, na pamoja nayo unakuja upweke: anafiwa na mwanawe, na rafiki yake Yeong-hui anauawa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamume. Kufani, anamwomba mfalme kwamba wakikutana katika maisha mengine, ajifanye hamjui na ampite tu. Kisha anamwambia kwamba kama kweli asingetaka, angetafuta njia yoyote ya kukimbia. Kubaki kulikuwa uchaguzi wake.

Watazamaji wengi huyapokea maneno hayo kama jibu. Yakisomwa kando ya kisa cha Yeong-hui, yanasikika tofauti. Yeong-hui hakuombwa na mtu mwenye amri juu yake, wala hakukubali baada ya kuchoshwa. Alimpenda mtu aliyemtaka yeye mwenyewe. Katika kasri lote, uchaguzi wake ndio uliokaribia zaidi kuwa huru, na tamthilia inaupa dakika chache, karibu na mwisho, kabla ya kumrudia mfalme.