Buabua Amekula Nini?

Sogeeni, wapwa zangu. Leo nawaletea ndege ambaye hapa Ruaha hamjapata kumwona. Anaitwa buabua. Ana mbawa ndefu zilizochongoka, na chakula chake chote kiko baharini.

Kusini-mashariki mwa Unguja, mbali kabisa na nchi kavu, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Fungu Kizimkazi. Mti hakuna. Nyumba hakuna. Buabua wamejaa tele, wanataga chini, palepale peupe.

"Mimi buabua," anasema, "sina duka, sina soko. Samaki wadogo wakija juu nashuka, nadonoa, napaa. Walichokula wao, nami nimekila."

"Mjomba, kwani baharini kuna nini kibaya?"

Swali zuri hilo! Uchafu mwingine mnaujua: chupa, vizibo, nyuzi za nyavu. Mwingine hauonekani. Dawa za kuua wadudu za aina ya DDT haziozi upesi. Zikiingia mwilini zinakaa kwenye mafuta. Viumbe wadogo mno wa majini wanazipata kidogo. Dagaa anawala wengi. Samaki anakula dagaa wengi. Buabua anakula samaki wengi. Ni kama chungu cha mchuzi kilichosahauliwa motoni: maji yanakauka, chumvi haiendi popote. Ukionja unakunja uso. Basi buabua ndiye anayekomba chungu.

"Sasa wataalamu wanajuaje? Wanamchinja?"

Ha! Jioni mtazameni kuku akijichambua. Anageuza shingo, anagusa juu ya mkia, kisha anapitisha mdomo kwenye manyoya. Pale pana tezi ya mafuta. Buabua naye anayo. Huko Japani, Profesa Hideshige Takada na wenzake wamepima mafuta hayo kutoka kwa ndege wa bahari nyingi. Ndege anashikwa, mafuta yanafutwa kwa karatasi laini, ndege anaachiwa. Maabara inatafuta sumu kwenye karatasi.

Ulaya, kwenye Bahari ya Kaskazini, wana njia nyingine. Wanaokota ndege aitwaye fulma, aliyekwisha kufa na kutupwa ufukweni na mawimbi. Wanampasua tumbo, wanapima plastiki. Nchi za huko zimejiwekea lengo: katika fulma 100, wasizidi 10 wenye plastiki ya zaidi ya gramu 0.1. Kazi bado wanayo. Mimi nawapenda zaidi wale wa karatasi, maana ndege wao anarudi kwa makinda yake.

"Lakini mjomba, bahari iko mbali. Sisi hapa tuna miwa tu."

Mbali? Mto wenu huu, Ruaha Mkuu, unakwenda kuungana na Rufiji. Rufiji unapita Bwawa la Julius Nyerere, unafika kwenye delta yenye mikoko, unamwaga maji baharini, ng'ambo yake Mafia.

"Bwawa si litazuia?"

Umewaza vizuri! Chupa nyingi zitanasa. Lakini kilichoyeyuka majini kinapita na maji. Na mifuko ya plastiki, kabla hujauliza, ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Chupa bado zipo.

"Na kuku wetu, naye anaweza kusema kama kuna sumu?"

Anaweza sana, maana anadonoa udongo kutwa. Kule Vikuge, Kibaha, palikuwa na shehena ya viuatilifu vilivyopitwa na wakati. Mayai ya kuku wa jirani yakapelekwa maabara. Mwaka 2005 majibu yakatolewa: sumu imo ndani ya yai.

"Sasa mayai ya kwetu tuyale?"

Yaleni, mwanangu. Ila yule anayekwenda kuosha bomba lake la kupulizia dawa pale mtoni, mwambieni mjomba anamtafuta.