Muuguzi Akilia Katikati ya Igizo: Kweli au Si Kweli?

Maigizo ya papo kwa papo, yasiyo na maandishi ya kukariri, yalikuzwa Chicago na Viola Spolin, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Mwaka 2011 Katie Watson wa Chuo Kikuu cha Northwestern alieleza katika jarida la Academic Medicine jinsi mbinu hizo zinavyowasaidia wanafunzi wa udaktari kuzungumza na wagonjwa. Ni mafunzo mazuri, nami nayaunga mkono. Lakini mshiriki anapoguswa penye jeraha, sisi tunaoyaendesha tuna imani kadhaa za kusahihisha.

“Ni mchezo tu, haumuumizi mtu.” Si kweli. Tuseme mkunga amepangiwa kumweleza mama kwamba mtoto wake amezaliwa mfu. Mama ni mwenzake wa darasani, viti viwili ndivyo kitanda, na mtoto ni shuka lililokunjwa. Mkunga analipokea shuka, anafungua kinywa, sauti haitoki. Vidole vyake vinakunja pindo na kulikunjua. Nyuma wanacheka, wakidhani amekosa la kusema. Huenda wiki iliyopita alimbeba mtoto wa kweli namna hiyohiyo. Huenda alikuwa wake. Katika tamthilia, mwigizaji ana maneno ya mtunzi ya kujifichia. Hapa hana, analosema linatoka kwake mwenyewe.

“Akilia, somo limeingia.” Si kweli. Chozi linaonyesha kwamba ameguswa, basi. Tena wengi wanaoumia hawalii: mmoja hunyamaza ghafla, mwingine hucheka kupita kiasi, mwingine huaga kwenda chooni asirudi.

“Kanuni ya ‘Ndiyo, na…’ haimruhusu kukataa.” Si kweli, na hii ndiyo imani inayonisikitisha kuliko zote. Kanuni hiyo ni ya wahusika ndani ya igizo: mwenzako akisema mvua inanyesha, wewe unafungua mwavuli. Haimfungi mtu mwenyewe. Kabla ya zoezi la kwanza kubalianeni ishara, kwa mfano kuinua kiganja. Kikiinuliwa, igizo linasimama na hakuna anayeulizwa sababu. Mwezeshaji awe wa kwanza kuitumia mbele ya wote. Mwanafunzi aliyekaa chumba kimoja na matroni wake hatathubutu kuinua mkono akiwa hajaona mkubwa akifanya hivyo.

“Asimulie yote palepale, atapata nafuu.” Si kweli. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 hayakupata ushahidi kwamba kikao cha mara moja cha kumsimulisha mtu masaibu yake kinamkinga na athari za kiwewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa mwaka 2011, unataka mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kumshurutisha mtu aeleze yaliyomkuta hakumo. Kwa hiyo simamisha igizo kwa sauti ya kawaida, wape wengine mapumziko, kaa naye kando, mpe maji. Muulize: “Ungependa tukae hapa, utoke nje kidogo, au urudi na wenzako?” Kisha fuata jibu lake. Kesho yake mpigie simu.

“Igizo likiisha, limeisha.” Si kweli. Wahusika huvuliwa kama vazi: viti virudishwe, shuka likunjuliwe, kila mtu ataje jina lake halisi na atakachokula jioni. Dakika tatu zinatosha, na aliyecheza mama mfiwa azipate pia, maana yeye husahaulika.

“Mwezeshaji si mshauri nasaha.” Kweli. Ndiyo sababu namba ya mshauri inatafutwa kabla ya siku ya mafunzo, na chumbani wanakuwa wawezeshaji wawili, mmoja abaki na kundi mwingine atoke na mwenye uchungu. Kama siku hiyo uko peke yako, tafadhali fanya mazoezi mepesi, na igizo la mtoto mfu uliahirishe.