Seva ya muziki ya nyumbani: ghala la zilipendwa

Seva ya muziki ya nyumbani ni kompyuta ndogo inayotunza nyimbo za familia na kuzipeleka kwenye simu au spika yoyote iliyomo ndani. Wengi huamini kwamba seva lazima iwe ng'ambo na iishi kwa bando. Sivyo. Rauta ikiwaka, wimbo hutoka sebuleni hadi jikoni bila kugusa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Tanzania. Siku kama hiyo, seva iliyo kabatini Tabora au Ujiji haina sababu ya kunyamaza.

Vifaa vyake ni vichache. Kompyuta ya ukubwa wa kiganja, kama Raspberry Pi 4, hula wati zisizofika kumi, hivyo paneli ya sola na betri ya wastani huimudu. Nyimbo hukaa kwenye diski ya nje, kwa kuwa memori kadi huharibika upesi umeme unapokatika ghafla. Kinachobaki ni programu huria, kama Navidrome au Jellyfin. Msimbo wa programu hizi uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa, na waandishi wake wakiacha kazi, wengine huweza kuiendeleza.

Ustadi mkubwa wa seva uko katika kufunga mzigo upya. Saa moja ya muziki wa CD ni megabaiti 635 hivi. Umbo la FLAC huibana hadi karibu nusu bila kupoteza chochote, na hilo ndilo umbo linalofaa kuwekwa ghalani. Msikilizaji aliye safarini kwa bando dogo hawezi kubeba kiasi hicho. Kwa ajili yake seva huiamsha programu ya FFmpeg, nayo huufungua wimbo na kuufunga tena kwa Opus, kodeki (njia ya kubana sauti) iliyosanifishwa mwaka 2012. Opus hubana zaidi zile sauti ambazo sikio halizitambui, kama mlio hafifu uliofunikwa na mlio mkubwa ulio karibu nao. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima huwa megabaiti 29 tu. Kazi hii hufanyika wimbo ukiwa unachezwa: ubeti wa kwanza umeshafika kwenye simu, wa mwisho bado unafungwa. Faili ya asili haiguswi.

Kanuni hiyo ya kufunga mzigo kwa kadiri ya njia haikuwa ngeni kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mali ilifungwa kwa kadiri ya bega la mpagazi, yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na Tabora ilikuwa kituo cha kuhifadhi na kugawa mizigo.

Hata hivyo, ghala lisilo na lebo ni lundo tu, na hapa ndipo uzembe unapoumiza. Tabora ilizaa Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za enzi hizo kwenye kanda, na santuri zikafyatuliwa Nairobi. Leo nyimbo hizo huuzwa kwenye flashi kwa jina la "Zilipendwa 14", bila mtunzi, bila bendi, bila mwaka. Huko ni kuwazika wanamuziki mara ya pili. FLAC inaruhusu kuandika kisanduku chochote, hata cha mpiga solo au cha mtindo. Mtindo ni muhimu, maana kila bendi ilijivunia wake, na wa Tabora Jazz ni Segere Matata. Seva hutegemea kilichoandikwa. Kanda zilizolala makabatini nazo huchakaa kila mwaka, na anayezihamishia kwenye diski huku mzee anayewajua wapigaji akiwa hai huokoa zaidi ya sauti.

Nje ya nyumba kuna kikwazo. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja, kwa hiyo nyumba haina mlango wake wa intaneti. Dawa yake ni handaki, yaani njia ya faragha, la programu ya WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, likipitia kompyuta ya kukodi yenye anwani ya wazi. Kuufungulia umma mlango huo ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inadai idhini ya wenye kazi. Na kwa kuwa diski yoyote huweza kufa, nakala ya pili ya nyimbo ikae nyumba nyingine.

Seva hiyohiyo hufaa kwa kaswida, kwaya, mawaidha, vitabu vya sauti, masomo ya shule, ngoma za harusini na masimulizi ya wazee.