Kahawa ya Yei: Usiing'oe, usiichanganye

UKIKETI kwa mama wa chai pale soko la Konyo Konyo, mjini Juba, utaletewa kahawa nyeusi yenye tangawizi. Kila ninapouliza imetoka wapi, naambiwa Uganda au Ethiopia. Ni nadra kusikia Yei, ingawa mji huo uko kilomita 160 hivi tu kutoka hapa na familia nyingi za huko zina mibuni ya robusta iliyoachwa na wazee wao.

Kahawa hiyo ilishapata jina. Mwaka 2011, mwaka wa uhuru, kampuni ya Nespresso na shirika la TechnoServe zilianza kazi na wakulima wa Yei. Vyama vya ushirika viliundwa, mitambo ya kumenya na kuosha buni ikajengwa, na Oktoba 2015 kahawa hiyo ikaanza kuuzwa Ufaransa kwa jina la Suluja ti South Sudan. Kwa Kikakwa, suluja ti maana yake ni mwanzo wa.

Robusta imejaa duniani. Kilichowavutia wanunuzi wa Ufaransa ni kahawa inayojulikana imetoka kwa nani na wapi, isiyochanganywa na nyingine.

Julai 2016 mapigano yalizuka Juba na kusambaa Equatoria. Nespresso ikasimamisha kazi yake Yei. Wakulima wengi wakakimbilia Uganda, wakiwamo walioishia kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe. Mashamba yakageuka pori.

Ndugu unayerejea, ukikuta mibuni imezongwa na magugu, usikimbilie kuing'oa. Mche mpya wa robusta huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Shina kuukuu lenye mizizi mizima, likikatwa mshazari sentimita 30 kutoka ardhini, huchipua na kuzaa tena baada ya miaka miwili hivi. Bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Kata baada ya mavuno, mvua zikikaribia. Usikate shamba lote kwa mara moja. Ligawe mafungu matatu, kila mwaka fungu moja, ili nyumbani pasikose fedha. Katikati ya mashina panda maharage.

Nawe mfanyabiashara wa Kaya na Nimule, buni za Yei zikivuka mpaka katika gunia lisilo na jina, zikachanganywa na za wengine, bei yake ni ya kahawa yoyote ile. Nunua zilizoiva, nyekundu, na umlipe zaidi mkulima anayezichagua. Zianikwe juu ya mkeka au turubai, si ardhini, hadi unyevu usizidi asilimia 13. Kila gunia liandikwe jina la mkulima, kijiji na tarehe ya kuvuna, na daftari lako lioneshe hivyo hivyo.

Najua barabara ya Yei haina uhakika na vizuizi vya ushuru hula faida. Lakini ushuru wa gunia hautazami ubora wa kilichomo. Gunia la bei ya chini huumia zaidi njiani kuliko lenye jina na mnunuzi anayelisubiri. Mnunuzi wa namna hiyo akirudi leo, swali lake la kwanza litakuwa kahawa hii ni ya shamba gani. Tuwe na jibu.