Uvimbe umeshatolewa mdomoni, mionzi ya nini tena?

Mgonjwa ametoka kijijini, amefikia kwa ndugu Mbagala au Bunju, na amefanyiwa upasuaji wa saratani ya kinywa. Kidonda kinafunga, na familia inafikiria safari ya kurudi. Ndipo daktari anapomwambia aende Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa tiba ya mionzi. Wengi hushangaa: si uvimbe umeshatoka?

Umetoka ule unaoonekana. Seli chache za saratani zinaweza kubaki, na hazionekani kwa macho. Kazi ya mionzi ni kuziua kabla hazijaota tena. Si kila mgonjwa anaihitaji. Hushauriwa zaidi kama uvimbe ulikuwa mkubwa, saratani ilifika kwenye tezi za shingo, au vipimo vya maabara vimeonyesha seli kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa.

Muda ni muhimu. Inashauriwa mionzi ianze ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji. Kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 6. Kila siku ni dakika chache tu, mgonjwa akiwa amelala na barakoa maalumu inayomzuia kutikisika. Mionzi hii ya mashine haiumi inapopigwa wala haibaki mwilini, kwa hiyo anaweza kubeba watoto na kula na wenzake.

Kabla ya kuanza, meno yachunguzwe na yaliyooza yang'olewe. Baada ya mionzi, mfupa wa taya hupona kwa shida. Hata miaka ikipita, mwambie daktari wa meno kwamba uliwahi kupigwa mionzi.

Kuanzia wiki ya 2 au ya 3, vidonda hutoka mdomoni, mate hukauka na chakula hukosa ladha. Hapo ndipo wengine hukata tamaa na kuacha. Usiache: kukatisha tiba huzipa seli zilizobaki nafasi ya kukua. Mweleze daktari, kwani dawa za maumivu zipo. Kunywa uji, mtori na supu iliyopoa. Epuka pilipili, ndimu, pombe, sigara na ugoro.

Kwa familia, hesabu ni hii: safari kama 30 za kwenda na kurudi. Pangeni mapema nauli na mtu wa kumsindikiza. Mkikwama, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla mgonjwa hajakosa hata siku moja.